Laini ya Nyumba Zetu Hukatwa Kwanza

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Mkurugenzi wetu, wageni wetu kutoka ng'ambo, ambao hapa tunawaita mashemeji, ndugu wafanyakazi:

Ukaribisho

Tunafurahi kukuona tena kituoni. Viti vimepangwa palepale vilipokuwa mwezi uliopita, ila safari hii kipaza sauti kina jenereta yake. Karibu sana, ujisikie nyumbani.

Historia fupi

Waya wetu una urefu wa kilomita themanini na tano, na karibu wote umelala chini ya bahari. Sisi tuna upepo, wenzetu wa ng'ambo wana jua. Umeme ukipungua kwao tunawapelekea, ukipungua kwetu wanatuletea. Tangu siku ya kwanza, chumba chetu cha kuongozea mitambo na chao huitana shemeji, kwa kuwa waliotuoza ni serikali mbili na hakuna aliyetuuliza.

Mafanikio

Mkataba unatupa dakika kumi kuwafikishia wenzetu umeme wakiomba. Kwa miaka mitatu wastani wetu ni dakika sita. Umeme usipotosha kwa wote, tunayo orodha ya laini za kukata, na inaanza na nyumba zetu wafanyakazi. Hatukuagizwa. Tulikubaliana wenyewe, maana ni aibu kumzimia mtu taa huku kwako feni inazunguka. Wake na waume zetu wamezoea, ingawa hawajafurahi.

Changamoto

Sehemu hii haimo katika nakala uliyopewa.

Mheshimiwa, mwezi uliopita ulipokuwa unahutubia hapa, kipaza sauti kilizimika ulipofika kwenye maneno "umeme wa uhakika". Watu walicheka. Tunakuomba radhi. Siku hiyohiyo mwongoza mitambo wa zamu, ambaye sote tunamwita Dada Mkubwa, alisimamishwa kazi kwa madai ya kukudhalilisha hadharani. Kamati ya nidhamu inakaa kesho asubuhi, na tumesikia barua ya kumfukuza imeshachapwa.

Lililotokea ni hili. Saa tano na dakika kumi na mbili, wingu zito lilitanda kwa wenzetu. Simu ikaingia: "Shemeji, jua limetukimbia huku. Tupe megawati ishirini haraka, hospitali kubwa iko kwenye laini hii."

Naye akajibu, "Usikate simu, shemeji, nakata kwetu kwanza."

Akaanza na nyumba zetu, kisha mitaa inayofuata, kama orodha inavyosema. Chumba chake hakina dirisha la kutazama uwanja huu.

Asichokijua ni kwamba turubai lako lilikuwa linatumia umeme wa nyumba zetu. Sisi mafundi wa nje tulitakiwa kuvuta waya kutoka kituoni, mita mia tatu. Jua lilikuwa kali, tukaunga kwenye nguzo ya karibu, tukasema ni kwa saa mbili tu, nani atajua. Hatukumwambia. Kamati ilipokuja kuuliza, tulitazamana tukanyamaza, kwa kuwa kila mmoja ana watoto wa kulisha. Na yeye anao wawili. Tumeishi na ukimya huo mwezi mzima, na tunaona aibu.

Maombi

Tulikuwa na maombi matatu. La basi la wafanyakazi na la kiyoyozi tumeyaondoa. Limebaki moja: Dada Mkubwa arudi kwenye kiti chake. Hakututuma tumsemee. Juzi alipokutana nasi sokoni alituuliza tu kama mashemeji wanapata umeme vizuri, kisha akaendelea kuchagua nyanya.

Orodha ya kukata tunaomba ibaki kama ilivyo. Haikukosea, na wala aliyeifuata hakukosea.

Mheshimiwa, kama ni lazima barua ile itoke, basi tunaomba ibadilishwe jina. Walioshika waya ule walikuwa sita, watano wamesimama nyuma ya kiti chako. Wa sita, aliyepanda nguzo, ndiye anayekusomea risala hii.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akufikishe salama kwa jamaa zako, na akupe moyo mwepesi kabla ya kesho asubuhi.

Ni sisi,
Mafundi wa nje, pamoja na wafanyakazi wote wa Kituo cha Waya wa Baharini.