Nahashon Okinyi na Mwaka wa Gitaa Lake

Wapendwa waombolezaji, mlioketi humu kanisani na mlio nje kwenye mahema, sisi wa familia tunawasomea maisha ya ndugu yetu Nahashon Okinyi wa Jericho, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu jambo la kwanza ambalo masimulizi kama haya hudai, yaani siku ya kuzaliwa, ndilo tuliloshindwa kulipata.

Nahashon alizaliwa Ugunja, kifungua mimba wa Mzee Okinyi, aliyekuwa kibarua wa reli hapa Nairobi, naye Mzee alipopata habari za mwanawe alikwenda mjini akanunua gitaa jipya, akaambiwa na muuzaji kwamba limetengenezwa mwaka uleule, akalipeleka nyumbani liwe la mtoto. Mzee alifariki Nahashon akiwa bado mdogo, mama alikumbuka tu kwamba ulikuwa wakati wa palizi, na mwaka 1953 ulio kwenye kitambulisho ulikisiwa na karani aliyemtazama usoni.

Alisoma kijijini hadi darasa la saba, akaajiriwa katika karakana ya reli tarehe 3 Aprili 1972, na wikendi akapiga gitaa lile kwenye baa za Majengo. Tarehe 15 Agosti 1976 aliokoka, na kwa kuwa wazee wa kanisa walisema gitaa la baa nalo litakaswe kabla ya kuingia ibadani, alilipiga msasa kichwani hadi jina la kiwanda likatoweka, akabandua karatasi iliyokuwa ndani, akakwangua kwa patasi namba zilizochomwa kwenye mbao akidhani ni alama ya baa, akalipaka vanishi, likaombewa, na tangu hapo likaongoza kwaya yetu.

Alifunga ndoa na Rispa tarehe 9 Desemba 1978, wakabarikiwa na Sylvance, Winny na Celine, akastaafu mwaka 2008.

Hapo ndipo alipoanza kulitafutia gitaa mwaka wake, maana alikuwa amesikia wengi wakisomewa humu, na neno "takriban" lilimchoma, akatuambia, "Siku yangu ikifika, msinisomee takriban." Rispa alimtania, "Baba Sylvance, wewe na hiyo gitaa mtazeeka bila kujua nani mkubwa."

Watoto mlioketi mbele, gitaa la kiwandani mara nyingi huwa na namba ndani, pale shingo inapoungana na tumbo, na kwa namba hiyo hujulikana lilitengenezwa lini. Fundi Muturi wa Kariobangi aliingiza kioo kidogo na kumulika kwa simu, kisha akasema, "Mzee, hii mliiokoa mpaka mkafuta cheti ya kuzaliwa." Nahashon alicheka sana. Celine alituma picha kwa wajuzi wa mtandaoni, wakaitambua modeli kwa umbo la kichwa na jinsi mbavu za ndani zilivyopangwa, lakini modeli hiyo ilitengenezwa kuanzia 1949 hadi 1958, na kila mmoja wao aliuliza namba.

Aliugua figo kuanzia Juni mwaka huu, 2025, na kila muuguzi alipomuuliza umri alijibu, "Kaulize gitaa," mwanzoni akitabasamu, baadaye bila tabasamu. Wiki ya mwisho Sylvance alimpelekea gitaa wodini, naye akalegeza nyuzi, akapenyeza mkono tunduni, akapapasa pale mahali kwa muda mrefu, akasema, "Pako laini. Nilikwangua vizuri." Alituacha Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, nasi kesho tunamrudisha Ugunja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Jericho mliokesha nasi, wastaafu wenzake wa reli, kwaya, na Muturi, aliyekuja jana na kioo chake akatazama tena, ingawa hakuna aliyemwomba.

Nahashon, ndugu yetu, ulizaliwa takriban mwaka 1953. Utusamehe, tumekosa neno jingine. Upumzike kwa amani.