Mwalimu Njagi, Aliyekataa Kuhesabu Mbuzi

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Mwalimu Ephantus Njagi Nthiga anastaafu tarehe 30 Juni 1987. Alifika katika chuo chetu cha mifugo hapa Kiirua Januari 1959, akiwa na sanduku la bati, shahada kutoka Makerere na koti jepesi lililoifaa Kiritiri alikotoka, si baridi ya huku Buuri. Waliomtangulia wanasema wiki ya kwanza alifundisha akiwa amejifunga blanketi. Hakuomba radhi, na wanafunzi hawakuthubutu kucheka.

Somo lake ni tabia za wanyama. Siku hizo wengi waliona kwamba hayo ni mambo ya wachungaji, si ya darasani, na mkuu wa chuo wa wakati huo alimpa saa moja tu kwa wiki, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa ya kusinzia. Mwalimu aliipokea bila kinyongo, akawatoa wanafunzi nje. Tangu hapo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukaa kando ya zizi asubuhi nzima bila kalamu wala karatasi, hadi amjue kila kondoo kwa sura: nani humfuata nani, nani husukumwa pembeni wakati wa kulishwa. Wakilalamika kwamba hawakuja chuoni kuchunga, huwaambia mvumilivu hula mbivu na kuwaacha papo hapo juani. Kijana mmoja alisinzia, kondoo akala kofia yake. Mwalimu alimpa sifuri kwa sababu hakuweza kusema ni kondoo yupi.

Tunajivunia pia vizizi vidogo vya kuzalia alivyowafundisha wafugaji wa Buuri kujenga. Wanakondoo wengi wanaishi leo kwa sababu hiyo, na Wameru ambao mwanzoni walimcheka Mmbeere aliyekuja kuwafundisha kufuga sasa humwalika harusini. Huwa anakula mukimo wao wa viazi vya kuponda na kuusifu. Muthokoi wa kwao, wa mahindi yaliyokobolewa, hata hivyo hajauacha.

Shahada ile aliyokuja nayo ilikuwa na historia ambayo hatukuijua hadi mwaka juzi, tulipokwenda Kiritiri kwenye harusi ya bintiye. Shangazi yake Mwalimu, Mama Wambeti, alitukalisha jikoni kwake akatusimulia kwa Kimbeere, huku Mama Mukami, mkewe Mwalimu, akitutafsiria. Mwalimu mwenyewe alisikia mazungumzo yanakoelekea, akaondoka kwenda kutazama mbuzi.

Ilikuwa Desemba 1954. Njagi alikuwa amerudi likizo kutoka Makerere, akiwa amebakiwa na mtihani wa mwisho wa mwezi wa Machi na utafiti mmoja, kuhusu jinsi mbuzi anavyomtambua mwanawe. Hali ya Hatari, ambayo serikali ya kikoloni ilitangaza dhidi ya wapiganaji wa msituni, ilikuwa imewafikia watu wa kwao. Walikuwa wamehamishwa kutoka katika maboma yao, wakabanwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Mbuzi wa familia zote walilala katika zizi moja karibu na lango. Ili arudi Makerere, Njagi alihitaji pasi ya kusafiri, na ofisa wa serikali hakutoa pasi mpaka mkubwa wa homugadi, walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali hiyo, amdhamini mtu. Mkubwa huyo alikuwa Njoka, jirani yao wa zamani. Bila pasi hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna shahada.

Akingoja, Njagi alikaa kando ya zizi akitazama. Mbuzi akizaa, humlamba mwanawe na kuishika harufu yake papo hapo. Wakitenganishwa kabla ya hapo, humkataa na hata kumpiga teke. Katika msongamano ule watoto walikuwa wakichanganyikana na kufa njaa huku mama zao wakiwa na maziwa. Njagi alianza kuwaomba wenye mbuzi wamtenge kila anayezaa pembeni kwa matawi ya miiba mpaka amalize kumlamba mwanawe. Wachache walikubali, na watoto wa mbuzi wao wakapona.

Wengi hawakukubali. Kwa Wambeere, mifugo ya mtu haihesabiwi. Kuitaja idadi yake ni kuialika hasara, na mwaka ule hata asiyejali mwiko alijua kwamba nyuma ya mwenye kuhesabu huja mwenye kuchukua, kwani vijiji vilivyoshukiwa kuwalisha wapiganaji wa msituni vilitozwa faini ya mifugo. Sasa kijana wa chuo kikuu anakaa kutwa akikodolea mbuzi za watu macho, anatafuta nini? Mama Wambeti alizificha zake ndogo chini ya kitanda, akampa mpwa wake majina ambayo Mama Mukami alikataa katakata kututafsiria.

Ndipo ofisa akamwagiza Njoka alete idadi ya mbuzi wa kijiji. Njoka alikuwa na bunduki, lakini alikuwa mtoto wa pale pale, na mbuzi zake zilikuwa katika zizi hilo hilo. Aliogopa kuhesabu. Akamwita Njagi, akaiweka pasi mezani ikiwa haina sahihi. "Wewe umesoma," akamwambia, "mwiko haukushiki. Nipe nambari, nami nikudhamini."

Njagi angeweza kuitaja palepale, kwa maana hapakuwa na mbuzi asiyemjua rangi, masikio na mama. Alimjibu kwa heshima kwamba mbuzi anawajua, idadi yao haijui. Njoka alimwacha afikirie hadi Jumapili. Jumapili, baada ya kanisa, jibu lilikuwa lile lile. Pasi haikutiwa sahihi. Machi ikafika, wenzake wakafanya mtihani, yeye akiwa Kiritiri anachimba matuta ya lazima pamoja na kijiji kizima.

Ofisa alimtuma askari mgeni kuhesabu. Habari hazifichiki kijijini, na kufikia wakati huo mke wa Njoka alikuwa amewanong'oneza wenzake kwa nini Njagi alinyimwa pasi. Askari alisimama langoni asubuhi mbuzi wakitolewa. Mama Wambeti akaenda nyuma, akafungua kizizi cha watoto wa mbuzi. Watoto walilia, mama wote wakageuka kuwarudia, waliokuwa nyuma wakawasukuma waliokuwa mbele. Askari alianza upya, akaanza tena, mwishowe akaandika nambari ya kubuni, na ilikuwa ndogo. Faini ilitozwa kwa nambari hiyo. Mbuzi walichukuliwa, lakini kila nyumba ilibaki na maziwa.

Hapo sote tulikuwa tunacheka, naye Mama Wambeti akicheka kuliko sisi. Kisha akasema kwamba walimtukana kijana yule mwezi mzima, naye hakufungua kinywa kujitetea. Akasema pia kwamba siku ya mtihani ule alimwona akilia, ameinamia jembe.

Pasi ilipatikana mwaka 1957. Njagi alirudi Makerere akakaa darasani na vijana waliokuwa wadogo zake, akamaliza mwaka uliofuata. Safarini kurudi Kiirua nilimuuliza kama alijuta. Alisema iliuma sana, maana shahada ile aliitaka kuliko kitu chochote. Halafu akabadilisha mazungumzo, akaanza kutueleza habari za ngiri.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini mimi katika umri ule, pasi iko mezani na jibu liko kichwani. Ningependa kusema ningekataa. Sina hakika, na nadhani wengi wetu katika chuo hiki, tukijisema ukweli, hatuna.

Mwalimu, tunakushukuru kwa zizi, kwa jua ulilotuchomea na kwa subira yako. Mama Mukami, asante kwa kutuazima mzee wako muda wote huu. Nendeni Kiritiri kwa amani, mbuzi zenu zizae na mvua isiwasahau. Na wewe Njagi, ulichelewa kutufikia. Sasa tunajua sababu, na kwa kuchelewa huko tunakuheshimu zaidi.

Lydiah Kagure,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako