Shangazi Anaondoka, Mashine Zinawaka

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Shangazi wetu, fundi mkuu wa mashine za kaunta, anastaafu baada ya kulitumikia duka hili la vifaa vya ujenzi kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Tunamshukuru Mungu kwamba anaondoka siku ileile iliyoandikwa kwenye barua yake, wala si siku moja baadaye. Wakati kama huu mwaka jana hakuna aliyethubutu kuliahidi hilo, hata yeye mwenyewe.

Aliingia hapa akiwa keshia wa kaunta ya tatu. Siku hizo mashine ikigoma, fundi aliitwa kutoka nje, na kufika kwake kulikuwa majaliwa. Shangazi akachoka kungoja. Akachukua bisibisi rafuni, akailipia kwanza, risiti akaitia mfukoni, ndipo akaifungua mashine. Ilipona. Uongozi ukampeleka kozi ya miezi sita, akarudi fundi kamili, na bisibisi ile anayo mpaka leo.

Ni mpole, ila kwa mashine zake hana mzaha. Keshia mmoja aliwahi kuweka kikombe cha chai juu ya mashine. Shangazi hakugomba. Alikichukua kikombe, akainywa chai yote taratibu, akamrudishia kitupu na kuendelea na kazi. Tangu hapo chai yetu tunainywea jikoni.

Sasa niseme lile linalojulikana na wachache. Mfumo endeshi, yaani ile programu inayoiamsha mashine na kuiongoza, ulikuwa umezeeka kwenye kaunta zote tisa. Waliouunda walishaacha zamani kuutengenezea kinga dhidi ya wezi wa mitandaoni. Shangazi aliuandikia uongozi barua saba katika miaka sita akiomba ubadilishwe. Majibu yalikuwa yaleyale, kwamba mashine si zinafanya kazi, tuvute subira. Mwishowe benki nayo ikaandika kuwa kuanzia tarehe mosi Julai mwaka huu, mashine zenye mfumo wa zamani hazitapokea malipo ya kadi. Wateja wetu wengi hulipa kwa kadi.

Mashine zilikuwa zinafanya kazi kwa sababu Shangazi alifika kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kaunta ya nne ilitaka kuwashwa mara tatu. Ya saba haikuamka mpaka uchomoe waya wa mtandao, uhesabu mpaka sitini, uurudishe. Ikifika saa mbili meneja anaingia, anakuta skrini tisa zinang'aa, anafurahi, anapita zake.

Shangazi ana mama yake, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, anayeishi peke yake mji mwingine na macho yameanza kumtupa mkono. Alimwahidi kwamba akistaafu atahamia kwake. Lakini meneja, kwa nia njema kabisa, alishaanza kutaja mkataba wa miaka miwili zaidi, maana nani mwingine angeziamsha? Shangazi alitwambia kwamba hawezi kutuacha na mashine mfu, na hawezi kumwambia mama asubiri tena. Wiki ile hakutania mtu.

Mjomba, keshia wa kaunta ya kwanza, ndiye aliyemwambia ukweli mchungu: dada yangu, tatizo ni wewe, unauficha ugonjwa halafu unamlaumu bosi kwa kutouona. Shangazi alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamwomba meneja jambo moja tu, aje kesho alfajiri, tena aje bila tai. Meneja akaja. Shangazi akamkabidhi tochi, akaingia chini ya kaunta. Bosi alishika tochi hiyo zaidi ya saa mbili, na kwa mipango ya Mungu kaunta ya sita siku hiyo ikakataa katakata mpaka saa nne. Akauliza kama hali ni hii kila siku. Akajibiwa kwamba hapana, leo zimeamka vizuri. Barua ya nane aliiandika meneja mwenyewe, adhuhuri ileile.

Kazi ya kubadilisha mfumo ilichukua Jumapili tatu, mashine tatu kila Jumapili, na bei za bidhaa elfu kumi na moja zilihamishwa bila kupotea hata ya msumari. Ugumu ulikuwa kwa Mjomba. Amebonyeza vitufe miaka ishirini bila kuvitazama, na hiki kioo cha kugusa kilichokuja na mfumo mpya alidai ni sawa na kumsalimia mtu kupitia dirishani. Shangazi alimfundisha kila mapumziko kwa kopo moja la rangi, akaliuza na kulifuta, akaliuza na kulifuta, hadi tukasema kopo lenyewe limekariri bei yake.

Jumatatu iliyofuata, meneja alimwamuru Shangazi asifike kabla ya saa tatu. Alipofika, kaunta zote tisa zilikuwa zinawaka, foleni inasonga, na Mjomba alikuwa ameshahudumia wateja kumi na wanne. Shangazi alisimama kando ya matoroli, mkoba begani. Hakuna aliyemwita. Mjomba akainua macho, akamwambia: mama mgeni, usizibe mlango, wateja wanapita. Shangazi alicheka hadi akakaa juu ya mfuko wa saruji, kisha akajifuta macho, akampigia mama yake simu palepale, kumwambia chumba kifagiliwe, Jumamosi ya kwanza ya Julai anakuja. Mama akauliza kama bosi amekubali. Akamjibu kwamba hata mashine zimekubali.

Shangazi, ahsante kwa miaka yote uliyotubeba nasi hatujui kama tumebebwa. Mungu akufikishe salama, amtunze mama, na akupe afya ya kumtunza. Tunawatakia nyote wawili maisha mema. Na ukiona namba ya dukani inakupigia, pokea bila wasiwasi, tutakuwa tunakusalimia tu.