Anyelwisye Mwasandube, Aliyeomba Wimbo kwa Barua

Ndugu waombolezaji, kaka yetu Anyelwisye Lazaro Mwasandube alizaliwa Kisondela tarehe 4 Agosti 1953, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Lazaro Mwasandube na mkewe Hellen. Marehemu mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa mambo matatu: kutembea, kusema na kuoa. Mawili ya kwanza aliyafidia mapema. La tatu tutalifikia.

Alianza shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1962 na kumaliza mwaka 1968. Akiwa darasa la sita alifungua redio ya mwalimu mkuu bila kutumwa, akaifunga, akabakiwa na skrubu mbili mkononi. Redio ikaongea vizuri kuliko mwanzo. Mwalimu hakujua amchape au amshukuru, akafanya yote mawili. Mwaka 1970 alikwenda Mbeya kujifunza ufundi redio, na kuanzia 1972 alikuwa na meza yake mjini Tukuyu, kwenye baraza la duka la rafiki yake Zuber, muuza kanda za muziki. Urafiki huo umefika mpaka kaburini leo.

Milango ya biashara ilipofunguliwa nchini, vitu vikaanza kuingia, naye mwaka 1992 alisafiri hadi Dar es Salaam akarudi na kamera ya video begani. Akawa mpiga video wa kwanza wa harusi hapa kwetu. Zuber naye akageuza stoo yake kuwa banda la video. Siku hizo kila mtu alibandika wimbo wowote kwenye mkanda wowote, na kaka yetu alifanya vivyo hivyo, mpaka mwaka 1994 alipoonesha video ya harusi moja iliyojaa nyimbo za kwaya ya Matwebe. Mwalimu wa kwaya hiyo, Mzee Asajile, alikuwa miongoni mwa watazamaji. Alingoja mpaka mwisho, akasimama kwa adabu zake zote, akasema, "Tumeimba harusi nzima, tangu kanisani mpaka keki. Mbona hakuna aliyetukaribisha chakula?"

Watu walicheka, lakini Anyelwisye aliona aibu iliyomlaza na njaa. Tangu siku hiyo hakuweka wimbo wa mtu kwenye video bila kibali cha maandishi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilipotoka, ilimkuta ana faili la barua nene kama msahafu. Aliyemjibu, wimbo wake uliwekwa. Asiyejibu, wake haukuwekwa. Ndiyo maana baadhi yenu hapa mna video za harusi ambazo tangu mwanzo hadi mwisho inasikika mvua ya Rungwe ikipiga bati, na shangazi mmoja akiuliza maharage yako wapi.

Mwaka 1998 alitengeneza filamu yake pekee, Tope la Jumamosi, habari za mlevi anayejaribu kurudi nyumbani. Mlevi aliigizwa na Zuber, ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, na alilewa vizuri kuliko walevi wote wa wilaya hii. Mahali pale Zuber anapoanguka kwenye tope na kuhangaika kuinuka, dakika tatu nzima, kaka yetu alitaka wimbo mmoja tu. Aliusikia kijijini Lupepo, ukiimbwa na binti aitwaye Tupokigwe Amoni, ambaye aliutunga alipofiwa na mama yake.

Kwa kuwa hakutaka kudharau wazee, hakwenda mwenyewe. Alimtuma Zuber kwa baba wa binti, Mzee Amoni. Zuber akavaa kanzu safi, akabeba mkungu wa ndizi na jogoo, maana kwa mzee haendi mtu mikono mitupu, na barua ndani ya bahasha iliyofungwa. Sasa fikirini wenyewe Mzee Amoni aliona nini. Aliipokea bahasha, akashukuru, "Ndaga," akaiweka juu ya kabati bila kuifungua, akaeleza kwamba barua za namna hii hazifunguliwi siku hiyo hiyo, warudi baada ya wiki mbili pamoja na wazee wa upande wao. Zuber alirudi Tukuyu akasifu kwamba watu wa Lupepo mambo ya hakimiliki wanayaendesha kwa utaratibu.

Wiki mbili zikaisha, tukaenda. Nasema tukaenda kwa sababu mimi ninayesoma, mdogo wake Andongwisye, nilikuwemo na nilikula kuku. Wenyeji walipotaja ng'ombe, kaka aliniinamia akaninong'oneza kwamba wimbo wenyewe ni wa dakika tatu tu. Hapo ndipo Mzee Amoni alipofungua barua. Aliisoma mara mbili. Wazee wetu wakaanza kutafuta kofia zao. Ila Tupokigwe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwambia baba yake, "Baba, asiondoke. Mtu anayeomba wimbo kwa barua, huyo hatachukua hata kijiko changu bila kuniuliza." Kaka yetu, aliyekuwa na miaka arobaini na mitano, alitazama chini akasema ng'ombe watapatikana.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1999. Mungu akawajalia watoto wawili, Hellen, mwenye jina la bibi yake, na Simon. Mke alimpata. Wimbo hakuupata. Mkewe, ambaye sasa tunamwita Mama Hellen, alikwenda bandani kwa Zuber kuitazama filamu, akaona watu wanavyovunjika mbavu kwa yule mlevi kwenye tope, akatoka. Alisema, "Mimi nimekubali. Wimbo haujakubali. Sikumlilia mama yangu ili watu wacheke."

Basi kaka hakukata tukio lile, na mkewe hakutoa ruhusa, na kila filamu ilipooneshwa, dakika tatu zilipita kimya. Watu walipiga spika makofi. Zuber alikuwa akisimama mbele kueleza kwamba sauti haijaharibika, ruhusa ndiyo haijaja. Mwaka 2003 mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam alitaka kuisambaza nchi nzima, mradi wimbo uwepo, akamshauri auweke tu, kwani nani atamshitaki, mke wake? Kaka alimjibu, "Nikimkosea jirani, nitahama. Nikimkosea huyu, nitahamia wapi?" Mfanyabiashara akaondoka na filamu ya mtu mwingine. Kaka aliumia, tusifiche. Ile ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko zote.

Mwaka 2011 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa Tukuyu na Mbeya, na Aprili mwaka huu alirudi nyumbani, miguu imevimba, hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa. Jumapili tarehe 12 Mei, baada ya ibada, aliomba awekewe filamu yake. Safari hii hapakuwa na watu wa kucheka. Mama Hellen alikaa kando ya kitanda, akamtazama Zuber akishika nyasi, akiteleza, akijaribu tena. Akasema taratibu, "Kumbe hachekeshi. Anataka tu kuinuka." Akaanza kuimba.

Kaka yetu akainua mkono. "Ngoja kwanza, mama Hellen. Sina karatasi."

Mkewe akakatisha wimbo. Akachana ukurasa kwenye daftari la Simon, akaandika: "Mimi Tupokigwe Amoni namruhusu mume wangu kutumia wimbo wangu wote, popote, siku zote." Akatia saini. Mgonjwa akaomba miwani, akasoma, akasema tarehe haipo. Tarehe ikaandikwa. Ndipo mkewe akaimba, akilia, mpaka mwisho. Kaka akamwomba arudie, maana mara ya kwanza alikuwa akipima urefu wake. Akarudia.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2013, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Ameacha mjane, Tupokigwe, watoto wawili, Hellen na Simon, ndugu wanne, na Zuber, ambaye aliomba aandikwe miongoni mwa ndugu, na familia imekubali. Tumwombee kaka yetu alale salama, na mikono ya Bwana impokee kwa amani. Amina.