Mzee Dari na Hotpoti Iliyorudi Imejaa

Tarehe 30 Juni fundi wetu wa rangi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye chuo hiki. Sisi wa karakana tunamwita Mzee Dari. Jina lake la kwenye faili tunalisikia akiitwa ofisini tu.

Aliingia kama kibarua wa kupiga msasa. Fundi wa wakati ule hakupenda dari kwa sababu rangi ilimdondokea machoni, akamsukumia yeye. Naye akazipenda. Hakuna chumba hapa ambacho hajakipiga dari: madarasa, mabweni, maktaba, mpaka choo cha mkuu wa chuo. Ukumbi huu mlimokaa ameupiga mara nne. Tazameni juu. Mkiona alama ya brashi, njooni karakana mdai chai.

Mzee anaongea na rangi. Ikikataa kushika ukuta anaiuliza, "Dada, tumekosana lini?" Lakini kula alikuwa hali na watu. Saa saba sisi tunakaa kwenye benchi, yeye anabeba hotpoti yake anaenda nyuma ya mapipa. Tukasema anaringa. Fundi bomba akasema mkewe anapika vitamu, anaogopa tutamwomba.

Kumbe mwenzetu alikuwa anashindwa kumeza. Chakula kinamkwama kooni, anakohoa mpaka machozi. Kaka yake alikufa kwa saratani ya koo, nayo ilianza hivyohivyo, kwa hiyo mzee moyoni alishajizika. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Akakonda mpaka ovaroli akawa anaifunga kwa kamba.

Mama, huyo mkewe, alikuwa anaona hotpoti inarudi imejaa, ila si kila siku. Ikirudi imejaa, mume ana madoa meupe usoni, maana yake kashinda kwenye dari. Siku za milango, hotpoti inarudi tupu. Mama akaunganisha mambo yake: huko kwenye dari kuna mwanamke anamlisha.

Aliposikia wiki hiyo ni dari za maktaba, akatokea karakana saa saba kamili, amefunga kiuno.

"Habari zenu, wanangu. Naomba mnionyeshe mke mwenzangu."

Fundi bomba akanyoosha kidole kwenye mapipa. Mama akazunguka, akamkuta mumewe peke yake, kainamisha kidevu mpaka kifuani, anasukuma tonge kwa maji, mishipa ya shingo imesimama.

"Baba watoto, tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mama akakaa kwenye ndoo ya rangi, akalia kidogo, halafu akasimama. "Vua ovaroli. Tunaenda hospitali."

"Ngoja nimalize dari."

"Dari itakungoja. Mimi sikungoji."

Daktari akamulika koo, akaona safi, akasema labda ni mawazo. Mama akagoma kuinuka kwenye kiti. Akaeleza habari ya madoa: akipiga dari hali, akipiga mlango anamaliza. Daktari akaweka kalamu chini. Akamwambia mzee atazame juu, ameze mate. Yakagoma. Ainamishe kidevu, ameze. Yakapita. Ndipo akaagiza shingo ipigwe picha. Wakamnywesha dawa nzito nyeupe ili mashine ione inavyoshuka. Mzee akakitazama kikombe. "Jamani, hata huku mnanipa rangi ya dari?"

Picha ikaonyesha pingili za shingo zimeota vifupa kwa mbele, vinasukuma njia ya chakula iliyo jirani yake. Akiinua kichwa, panabana zaidi; akishinda ameinua, panavimba, hata akishuka kula bado pamebana. Daktari akasema vifupa hivyo huja na umri, hawezi kuapa ni dari zimevileta. Saratani hakuna. Mama anasema mzee aliomba hilo la mwisho lirudiwe mara tatu.

Baada ya mwezi wakampasua, wakavikwangua. Mwenyewe anasema wamempiga msasa. Zikafuata wiki za uji na supu, na mtaalamu wa kumfundisha kumeza upya.

Siku aliyorudi kazini, miaka miwili sasa, hakwenda nyuma ya mapipa. Alikaa katikati ya benchi, akafungua hotpoti, akala wali na nyama mpaka punje ya mwisho. Karakana nzima tulipiga makofi kama timu imefunga bao. Fundi bomba akaomba kipande cha nyama, akanyimwa. Kwa hiyo kwenye hilo la uchoyo hatukumsingizia.

Dari hakupanda tena, lakini mafundi wanne wanaozipanda leo amewafundisha yeye. Sheria yake tunaifuata: dakika ishirini juu, unashuka, unatazama viatu vyako. Na mtu akianza kula peke yake, tunamfuata kumuuliza.

Mzee Dari, asante kwa kila aliyeinua kichwa humu asione doa. Mama, asante wewe uliyekuja kutafuta mke mwenza ukarudi na mume. Chakula kinaletwa sasa hivi, na tumekubaliana hakuna wa kugusa sahani kabla yako. Anza wewe. Meza taratibu, sisi tunatazama. Tunakuombea miaka mingi, na kila siku yake hotpoti irudi tupu.