Maisha ya Bi Pindo, Aliyepasuliwa na Ndugu Wasiamini

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watatu. Wa kwanza ni kaka yake, Mwenyekiti wetu wa ukoo, yule pale mbele mwenye miwani myeusi. Wa mwisho ndiye anayewasomea.

Alimaliza darasa la saba, akasomea ushonaji, na mwaka 1993 akafungua chumba cha kushonea karibu na kituo cha mafuta. Pindo lake hulioni hata ukimulika tochi, ndiyo maana ya jina. Suti aliyoivaa Mwenyekiti leo ni kazi yake. Mwaka 1996 aliolewa na dereva wa malori, mtu mpole, wakajaliwa binti mmoja.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana. Daktari alimweleza kwamba tumbo halitafunguliwa lote: vitatobolewa vitobo vidogo, mikono ya roboti ipite humo, naye aiendeshe akiwa ameketi kando. Marehemu alicheka.

"Kumbe unashona kwa ndani bila kufumua gauni! Haya, nishone."

Tarehe 6 Mei saratani ikatolewa yote. Akaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sharti apumzike na asinyanyue kitu kizito.

Ndipo ndugu wakaja kumjulia hali. Hali gani! Walikuja kukagua tumbo. Mwenyekiti aliona vile viplasta, akaguna.

"Mshono uko wapi? Mimi jipu tu liliniachia kovu kubwa kuliko hili."

Mkewe akadakia, "Na daktari mwenyewe alikuwa amekaa! Wifi, umepigwa changa la macho."

Basi watu wasiojua hata ini liko upande gani wakapitisha kwamba hakupasuliwa, anadeka.

Tarehe 25 Mei, shemeji yetu akiwa safarini, Mwenyekiti alikuwa anahama nyumba. Akamwita dada yake aje ashike upande mmoja wa kabati.

"Kaka, nimekatazwa kunyanyua."

"Na nani? Na roboti?"

Mkaangua kicheko. Haya, chekeni na leo basi! Akashika. Jioni tumbo likamkaza, akaambiwa anywe maji ya moto, aache maringo. Alipofikishwa hospitali kesho yake, utumbo ulikuwa umepenya kwenye kitobo kimoja, ukajinyonga. Safari hii madaktari walilazimika kumpasua tumbo zima. Mshono ulikuwa mrefu, Mwenyekiti, kama ule ulioutafuta. Alifariki tarehe 28 Mei 2024. Saratani haikumuua.

Ameacha mume, binti, mdogo wake mmoja, gauni la mteja ambalo halijapindwa, na ndugu ambao sasa wanaamini kwamba alikuwa mgonjwa. Jeneza litabebwa na mafundi wenzake. Mwenyekiti asisumbuke kushika upande wowote.

Apumzike kwa amani, kama daktari alivyomwagiza.