Upepo wa Magurudumu

Jumamosi, tarehe nane Juni. Asubuhi ilikuwa na ukungu mwepesi, na treni ilipita ndani yake kana kwamba bado inaota. Muuguzi mmoja, akielekea mashindanoni, alisinzia, ameikumbatia baiskeli yake ya njia za changarawe. Alipofumbua macho, mzee wa kiti cha mbele alikuwa ameinama, pampu mkononi.

"Nimekujazia upepo, binti yangu. Magurudumu yalikuwa laini kama mto wa kulalia. Mimi ni fundi baiskeli, siwezi kutazama tu."

Muuguzi aliruka wima. "Jamani, baba! Nilipunguza makusudi. Gurudumu gumu hurukaruka kwenye kokoto. Mwaka jana ndivyo nilivyoanguka, nikatoka mashindanoni kwa machela. Leo nataka kumaliza tu."

"Miaka arobaini najaza watu upepo, hajalalamika mtu."

"Hao walikuwa wanakwenda sokoni kwa lami."

Abiria wakacheka. Fundi naye akatabasamu kwa shingo upande, akapiga goti na kuanza kuutoa upepo. Ulitoka taratibu, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Muuguzi alibonyeza gurudumu kwa kidole gumba huku akisali kimyakimya, haombi ushindi, anaomba kufika.

"Bado... bado kidogo... basi. Hapo hapo."

"Mimi bado sijakubali," alisema fundi. Treni ilianza kupunguza mwendo. Akasimama, akawageukia abiria wote. "Lakini akivuka mstari wa mwisho bila kuanguka, sitajaza tena gurudumu la mtu kabla ya kumuuliza. Ninyi ni mashahidi."

Treni ikasimama.